Duka Lililofungwa: Kwa Nini Ubongo Unahitaji Kulala

Waheshimiwa walimu, wanafunzi wa tiba na sayansi, nanyi mliokuja kwa sababu tu tangazo lilitaja usingizi: habari za jioni.

Watu wa pwani wana msemo wao kwa mtu asiyeamshika: kalala usingizi wa pono. Waliouanzisha walikuwa wavuvi, na huyo samaki walikuwa wamemtazama vizuri. Usiku pono hujibanza kwenye matumbawe, na baadhi ya jamii zake hutoa utelezi mdomoni wakajifunika nao mwili mzima. Mpiga mbizi mwenye tochi anaweza kumsogelea mpaka karibu kumgusa. Utelezi ule umechunguzwa, na kazi yake mojawapo ni kuwazuia wadudu wadogo wa baharini wanaonyonya damu. Kwa maneno mengine, pono analala ndani ya chandarua.

Fikirini gharama yake. Mnyama aliyelala hali, hazai, halindi wana, na samaki mkunga akipita hamwoni. Hata hivyo karibu kila mnyama aliyechunguzwa sawasawa analala. Pomboo, ambaye akizama usingizini mzimamzima angekosa hewa, naye hakuacha kulala: huilaza nusu moja ya ubongo, nusu ya pili ikibaki macho, kisha zinapokezana zamu. Binadamu tumegawana zamu kwa namna nyingine. Mwaka 2017 ilitolewa taarifa ya Wahadzabe 33 wa kando ya Ziwa Eyasi waliovaa vifaa vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika muda huo wote, dakika ambazo watu wazima wote walikuwa wamelala kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Wazee wanalala mapema, vijana wanachelewa, na kambi haikosi jicho lililo wazi. Hatari ya usingizi imetafutiwa kila aina ya ufumbuzi, ila kuuacha wenyewe.

Kwa hiyo lazima kuna kazi inayofanyika mle. Kazi gani?

Kabla ya kujibu, naomba tutenganishe maswali mawili ambayo magazeti huyachanganya kila wiki. La kwanza: nini kinatuletea usingizi? La pili: usingizi unatuletea nini? Njaa inakupeleka mezani, lakini ukiichunguza njaa peke yake hutajua protini inafanya nini mwilini. Majibu mengi mnayoyasikia yanajibu swali la kwanza na kujifanya yamejibu la pili.

Jambo la pili la kuweka wazi ni jinsi tunavyojua kwamba usingizi ni wa lazima. Jaribio maarufu ni la Allan Rechtschaffen na wenzake, Chicago, miaka ya 1980. Panya wawili waliwekwa juu ya sahani moja ya mviringo iliyogawanywa katikati, chini kukiwa na maji ya kina kidogo. Kila mmoja alikuwa na nyaya za kupima umeme wa ubongo. Panya wa kwanza akianza tu kusinzia, sahani ilizunguka, na wote wawili wakalazimika kutembea ili wasisukumwe majini. Wa pili aliweza kuiba usingizi kila mwenzake alipokuwa macho. Wa kwanza hakupata nafasi hiyo. Mwendo ni ule ule, maji ni yale yale, tofauti ni usingizi. Panya walionyimwa walikula zaidi lakini wakakonda, wakatoka vidonda vya ngozi, joto la mwili likashuka, na wengi wakafa ndani ya wiki mbili hadi tatu. Jambo linalosumbua wataalamu hadi leo ni kwamba walipopasuliwa, ubongo haukuonyesha jeraha la wazi. Tunasema ubongo unahitaji kulala, na ukinyimwa, kinachoporomoka mbele ya macho yetu ni mwili.

Nadharia ya kuokoa nishati nitaipita haraka. Ubongo una asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili na unakula asilimia 20 ya nishati, kwa hiyo mtu angedhani tunalala ili kubana matumizi. Lakini mtu anayelala saa 8, akilinganishwa na mtu aliyejilaza tu kitandani macho wazi, anaokoa kalori zisizofika chapati moja. Kwa mnyama mdogo hesabu inaweza kuwa na uzito. Kwa sisi, kuzima fahamu usiku kucha kwa ajili ya kipande cha chapati ni biashara mbovu.

Tuingie kwenye kemia. Mwaka 1909 Ishimori kule Japani, na kufikia 1913 Legendre na Piéron kule Ufaransa, walichukua majimaji na tishu kutoka kwenye ubongo wa mbwa walionyimwa usingizi, wakawadunga mbwa waliokwisha kulala vya kutosha. Hao wa pili wakalala. Kulikuwa na kitu kinachojikusanya. Leo tunajua mojawapo ya vitu hivyo ni adenosini. Seli hulipia kazi zake kwa molekuli iitwayo ATP. ATP ikitumika inavunjika, na adenosini ni sehemu ya masalia yake. Mwaka 1997 ilipimwa kwa paka: kadiri walivyowekwa macho ndivyo ilivyoongezeka sehemu ya mbele, chini ya ubongo, na walipolala ikashuka. Inagusa vipokezi vya seli zinazotuweka macho na kuzituliza.

Hapa ndipo kahawa inapoingilia. Kafeini haiondoi adenosini hata chembe. Umbo lake linairuhusu kukaa kwenye kipokezi cha adenosini bila kukiwasha, kama mtu aliyekalia kiti cha mgeni rasmi. Mgeni akifika hana pa kukaa, lakini hajaondoka. Yuko mlangoni na idadi ya wenzake inaongezeka. Kafeini ikipungua, wanaingia wote kwa mkupuo. Hesabu yake ni rahisi. Nusu ya kafeini hutoka mwilini kwa takribani saa 5. Ukinywa kahawa yenye miligramu 100 saa kumi na moja jioni, saa nne usiku zimebaki kama 50, na saa tisa usiku bado unazo 25. Kwa mama mjamzito inakaa muda mrefu zaidi. Kwa mvuta sigara inatoka upesi. Miraa, kwa wanaouliza, ina njia tofauti: katinoni yake inasukuma nje dopamini na noradrenalini, kemikali zinazouchangamsha ubongo, jamii ya amfetamini hiyo, na adenosini inabaki pale pale ilipokuwa.

Alexander Borbély wa Zurich, mwaka 1982, aliliweka hili kwenye mchoro ambao bado tunautumia: kuna deni linalopanda tangu unapoamka, na kuna saa ya mwili inayopanda na kushuka kwa takribani saa 24 bila kujali deni. Usingizi mzuri unakuja vitu hivi viwili vinapokubaliana. Mlinzi anayetoka lindo saa moja asubuhi ana deni kubwa kupita kiasi, lakini saa inampigia kelele kwamba kumekucha. Analala saa nne au tano, anaamka, anadhani ana ugonjwa. Hana ugonjwa, amelala dhidi ya saa.

Yote hayo ni swali la kwanza. Twende la pili.

Nadharia inayopendwa kuliko zote kwa sasa ni ya kusafisha ubongo. Ubongo unaelea kwenye majimaji angavu. Tunayo kama mililita 150 kwa wakati mmoja, na tunatengeneza kama 500 kwa siku. Mwaka 2012 kundi la Maiken Nedergaard, Rochester, Marekani, lilieleza kwamba majimaji haya hupenya ubongoni kwa kufuata kingo za mishipa ya ateri, yakivuka kwenye vijimlango vya maji vya seli zinazoitwa astrosaiti, na kutoka na taka kwa upande wa mishipa ya vena. Mwaka 2013 likaongeza la usingizi: kwa panya, nafasi iliyo katikati ya seli ilikuwa asilimia 14 ya ujazo wakiwa macho na 23 wakiwa wamelala, na protini ya amiloidi, ile inayorundikana kwenye ugonjwa wa Alzheimer, iliondoka mara mbili kwa kasi. Mwaka 2019 watafiti wa Boston waliona kwa binadamu walio usingizi mzito mawimbi makubwa ya majimaji yakiingia ubongoni kila baada ya sekunde 20 hivi, yakifuatana na mawimbi ya umeme na kupungua kwa damu. Mwaka 2018 watu 20 walikosa usingizi usiku mmoja, na kipimo cha amiloidi kikapanda kwa asilimia 5 hivi.

Inavutia, na mimi naelewa kwa nini imeenea. Kila mtu anajua kufagia. Lakini mwaka 2024 watafiti wa Imperial College London walirudia swali kwa njia nyingine. Waliingiza rangi ndani ya ubongo wa panya na kupima jinsi inavyoondoka. Wakiwa wamelala, uondoaji ulipungua kwa karibu asilimia 30. Chini ya dawa ya nusukaputi, kwa karibu 50. Kinyume kabisa. Nani mkweli? Ugomvi uko kwenye vipimo. Ukitazama rangi ikifika sehemu fulani, hujui kama imekuja kwa wingi au imeshindwa kutoka. Ukitoboa tishu kuingiza sindano, umeshaharibu njia zile zile unazotaka kuzipima. Molekuli ndogo inasambaa yenyewe bila kusukumwa, na protini kubwa haisambai hivyo. Na dawa za nusukaputi za maabara hazifanani: mojawapo inaleta mawimbi ya polepole kama ya usingizi halisi, nyingine hapana, ilhali taarifa za magazeti huandika tu “waliolala”. Msimamo wangu ni kwamba majimaji yanasogea kwa mdundo wa pekee usiku, hilo limethibitishwa. Kwamba tunalala ili kuosha ubongo, hilo bado. Anayewauzia kinywaji cha “kusafisha ubongo usiku” mwambieni asubiri.

Sasa nadharia ninayoipa uzito zaidi. Mmeshaona karatasi iliyobandikwa mlangoni: TUMEFUNGA, TUNAHESABU MALI. Mangi anayefunga duka siku ya Jumapili hajalala. Yumo ndani na daftari. Anafunga kwa sababu huwezi kuhesabu sukari huku mteja anapimiwa kilo mbili.

Ubongo una seli za neva kama bilioni 86, na kila moja ina maungio na wenzake, tunayaita sinapsi, yanayohesabika kwa maelfu. Ukijifunza jambo, sinapsi zinazohusika zinanenepa. Mchana kutwa unajifunza, hata mambo usiyoyataka: sura ya kondakta, tangazo la redio, harufu ya dagaa. Sinapsi nene inakula nishati zaidi, inachukua nafasi zaidi, na zikinenepa zote, kelele inaongezeka. Seli inaitikia kila kitu, haichagui. Tena nafasi ya kujifunza kesho inakwisha. Giulio Tononi na Chiara Cirelli wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walipendekeza tangu 2003 kwamba usingizi mzito ndio wakati wa kuzipunguza kwa pamoja. Mwaka 2017 walileta ushahidi: walikata ubongo wa panya vipande vyembamba mno, wakazipima kwa hadubini ya elektroni sinapsi 6,920, moja moja, na waliokuwa wakipima hawakujua panya yupi alikuwa amelala. Baada ya usingizi, eneo la maungio lilikuwa dogo kwa asilimia 18 hivi. Sinapsi kubwa kabisa, kama moja kwa kila tano, hazikuguswa. Hapo ndipo penye utamu: upunguzaji hauli vyote sawa. Kilichoshikwa imara kinabaki, kilichoshikwa kwa bahati kinafifia, na kikififia kile, kilichobaki kinasikika.

Kwa nini hili lihitaji usingizi, lisifanyike mchana kidogo kidogo? Kwa sababu mchana wateja wamo dukani. Huwezi kupunguza maungio ya seli ambazo dakika hiyo zinapokea sauti na sura. Katika usingizi mzito, mamilioni ya seli hunyamaza na kuwaka pamoja, mara moja kwa sekunde hivi, na mlango wa taarifa za nje, talamasi, umerudishiwa komeo. Noradrenalini, ambayo mchana hutoa amri ya “shika hili”, imeshuka. Hali hiyo ndiyo inayowezesha kazi ya kufuta.

Ila mangi anapohesabu mali hapunguzi tu, anahamisha pia: kilicho kaunta kinapelekwa stoo. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach wa Cornell waliwakaririsha wanafunzi wawili silabi 10 zisizo na maana. Baada ya saa 8 za kulala walikumbuka zaidi ya nusu; baada ya saa 8 za kukaa macho, kama moja tu. Wakati ule walidhani usingizi unazuia vurugu za mchana, basi. Mwaka 1994 Wilson na McNaughton walisikiliza seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshika kumbukumbu mpya, ya panya aliyekuwa ametembea njia fulani. Alipolala, seli zilizofanya kazi pamoja njiani ziliendelea kuwaka pamoja. Baadaye ilionekana kwamba mfuatano wenyewe unarudiwa pia, kwa kasi kubwa kuliko ya mwendo halisi, ndani ya vimbunga vifupi vya umeme. Mwaka 2009 watafiti wa Paris walivikatiza vimbunga hivyo kwa mshtuko mdogo kila vilipotokea, wakaacha mengine yote ya usingizi kama yalivyo, na panya wakashindwa kujifunza vizuri njia ya chakula. Mtanisamehe nikisema jaribio hilo moja lina thamani kuliko picha mia za rangi ubongoni, maana halikuishia kutazama. Liliondoa kitu na likaona pengo.

Mwenye kusikiliza kwa makini atauliza: je, kupunguza na kurudia havipingani, kimoja kinafuta na kingine kinaimarisha? Wataalamu wanabishana hapo hapo. Huenda kinachorudiwa ndicho kinachokingwa dhidi ya kufutwa. Usingizi wa ndoto, ule wa macho kuchezacheza ambao Aserinsky na Kleitman waliuripoti mwaka 1953, nao una nafasi yake. Mtoto mchanga hutumia karibu nusu ya usingizi wake humo, jambo linalodokeza kazi ya kujenga ubongo, na zaidi ya hapo leo sitasema.

Kipingamizi kizito zaidi kinatoka porini. Tembo wawili majike wa Botswana waliofungwa vifaa kwa siku 35 walilala wastani wa saa 2 kwa siku, na mara nyingine walipitisha karibu siku mbili bila kulala. Ubongo wa tembo unazidi kilo 4 na kumbukumbu zake mnazijua. Kama usingizi ni kufua, au ni kuhesabu mali, mwenye duka kubwa angefunga muda mrefu zaidi. Hakuna nadharia ya ubongo peke yake inayomweleza tembo vizuri. Inaonekana muda wa kulala unapangwa na malisho, na usalama, na ukubwa wa mwili, kisha ubongo unajipanga ndani ya muda uliopewa.

Na kuna mnyama asiye na ubongo kabisa. Yavuyavu aina ya Cassiopea, ambaye hukaa kwenye maji ya kina kifupi amejipindua miguu juu, hupiga mapigo kama 58 kwa dakika mchana na kama 39 usiku. Taarifa ya 2017 ilionyesha kwamba akisumbuliwa na mikondo ya maji usiku, kesho yake analegea, kama mtu anayelipa deni. Ana neva zilizotawanyika, ubongo hana. Kwa hiyo chanzo cha usingizi ni cha kale kuliko ubongo, na huenda kimo ndani ya seli yenyewe. Watafiti wa Israel, mwaka 2019, waliona kwa samaki wadogo wa pundamilia kwamba nyufa za DNA hujikusanya ndani ya neva wakiwa macho, na wakilala kromosomu husogea zaidi na nyufa hupungua. Oxford, mwaka 2025, kwa inzi wa matunda, wameonyesha kwamba seli zinazoamuru usingizi huhesabu elektroni zinazovuja kwenye mitokondria, vile vinu vya nishati vya seli. Na Harvard, mwaka 2020, walikuta inzi na panya wasiolala wakijaza kemikali haribifu za oksijeni kwenye utumbo. Inzi waliopewa vizuia-oksidishaji, vitu vinavyozituliza kemikali hizo, waliishi muda wa kawaida ingawa hawakulala. Kumbukeni panya wa Chicago, wenye ubongo usio na jeraha. Huenda tulipasua mahali sipo.

Kwetu huku tuna ugonjwa unaofundisha jambo hili kwa ukali, nao ni malale. Vimelea vinavyoletwa na mbung'o vikishavuka kuingia ubongoni, watu husema mgonjwa analala sana. Akipimwa kwa saa 24 jumla ya usingizi wake haijabadilika sana. Kilichovunjika ni mpangilio: anasinzia mchana mezani, anakesha usiku, na anaweza kutumbukia moja kwa moja kwenye usingizi wa ndoto bila kupitia hatua za mwanzo. Saa zipo, kazi haifanyiki. Zamani dawa ya hatua hiyo ilikuwa melasoproli yenye aseniki, iliyoua kama mmoja kati ya wagonjwa 20 waliopewa. Sasa kuna fexinidazole, vidonge vya siku 10.

Kwa hiyo muuguzi anayemwamsha mgonjwa kila saa kupima presha hajamwachia “saa 8 zenye mapengo”. Usingizi huenda kwa mizunguko, kutoka mzito hadi wa ndoto, na mzunguko mmoja ni dakika 90 hivi. Usingizi mzito umejaa mizunguko ya mwanzo, wa ndoto umejaa ya mwisho. Ukikata usiku mwanzoni au mwishoni, unakata kitu tofauti. Na msijiamini kwamba mmezoea. Mwaka 2003 ilipimwa kwa vijana wenye afya: waliolala saa 6 au chini ya hapo kwa usiku 14 walifikia uzembe wa mtu aliyekesha usiku mmoja hadi miwili, lakini walipoulizwa walijiona wana usingizi kidogo tu. Kipimo kilishuka siku hadi siku. Kujijua kulikoma mapema.

Kwa mwenye zamu, lala dakika 20 au lala 90. Ukiamshwa kwenye dakika ya 45 umekatwa katikati ya yale mawimbi ya polepole, na unaamka mzito kuliko ulivyolala. Usishike sindano wala usukani kwa nusu saa. Kama lazima uwe macho, kunywa kahawa kwanza kisha lala dakika 20 hizo. Kafeini inachukua kama muda huo kufika ubongoni, na usingizi mfupi unapunguza adenosini, hivyo inapofika inakuta viti vingine vimeachwa wazi.

Kahawa ipo mezani nyuma kwa wanaoingia zamu usiku huu. Ninyi wengine mlioisikia ile hesabu ya saa kumi na moja jioni, chupa ya tangawizi isiyo na majani ipo upande wa kulia.